Njia kwanza, baiskeli baadaye: niliyoyasema Jumamosi pale Kijitonyama

Wengi mliomba niyaandike kwasababu mlikaa nyuma na spika ilikuwa inakatika. Nimeandika karibu vile vile nilivyoongea, nimeongeza sehemu mbili tatu ambazo siku ile muda ulinibana.

Wazee wangu shikamooni. Dada zangu na kaka zangu habari za jioni, na nyie vijana mlioziegesha baiskeli zenu chini ya mwembe pale nje, mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua kuna mpira leo na bado mmekuja, mimi hilo nalithamini sana.

Nimeombwa niongelee safari ndefu za baiskeli. Tangu tangazo litoke wiki iliyopita nimepokea meseji nyingi mno na karibu zote zina swali moja tu, kaka ninunue baiskeli gani, eti mtumba wa Kijapani unafaa, eti gia 21 zinatosha, eti Phoenix ya mzee iliyopo Mkuranga naweza kwenda nayo Tanga. Maswali mazuri na ntayagusa. Ila hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyeniuliza nipite njia ipi. Na mimi miaka yote hii niliyokanyaga pedeli nimeona kwamba safari ya baiskeli inaharibika au inanoga kwasababu ya njia, baiskeli inakuja baadaye kabisa. Kwaiyo leo naongea njia.

Niwaambie kilichonifundisha. Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa Dar Morogoro, kama kilomita 190 na kitu, nikapanga siku mbili nilale Chalinze. Nilitoka Kimara asubuhi na mapema, baiskeli nzuri, tairi mpya, kofia ngumu, kila kitu. Kibaha nikapita, Mlandizi nikapita, nikavuka mto Ruvu nikiwa najisikia mzima kabisa. Sasa mbele kule Vigwaza barabara ni njia mbili, moja ya kwenda moja ya kurudi, na malori yote ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita hapo hapo, na sehemu niliyokuwepo bega la barabara lilikuwa limeliwa, yaani lami inaishia ghafla alafu chini kuna kina cha kiganja kizima ukiteleza tu umekwenda. Likaja semi-trela nyuma yangu wakati huo huo basi linakuja mbele. Ambao hamjawahi kupitwa na semi-trela mkiwa kwenye baiskeli niwaelezee inakuwaje, kwanza ule upepo wa kichwa cha gari unakusukuma nje, wewe unaegemea ndani ili usidondoke, kichwa kikishapita upepo unageuka unakuvuta ndani kuelekea kwenye matairi ya trela na wewe tayari umeshaegemea huko huko. Kioo cha gari kilinigonga bega la kulia. Nikaruka na baiskeli yangu mpaka kwenye majani.

Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha aliacha beseni lake akakimbia kuja, akanishika mkono akaniuliza jina langu, nadhani alitaka kujua kama akili bado ipo. Akanimwagia maji kichwani, akafungua kanga yake moja akanifunga mkono shingoni kama daktari. Nikakaa pale karibu masaa mawili nikiangalia magari yanapita. Na wazo lililonijia sio kwamba yule dereva ni mbaya, hapana, yule alikuwa na basi mbele yake na mzigo wa tani nyingi nyuma, hakuwa na pa kwenda. Mimi ndio nilikuwa nimechagua kukaa mahali ambapo hakuna nafasi ya mtu wa baiskeli, na nilipachagua kwasababu moja tu, kwamba hiyo ndio barabara ya Morogoro, kila mtu akienda Morogoro anapita hiyo.

Hapo ndio nikaanza kujifunza upya, na walimu wangu wakawa watu ambao wengi wenu mnawapita kila siku bila kuwasalimia. Amka siku moja saa kumi na moja alfajiri uende Pugu, usimame pale barabara inaposhuka kuelekea Gongo la Mboto. Utawaona wanashuka na mkaa kutoka Kisarawe na wengine kutoka ndani zaidi huko, gunia mbili, gunia tatu kwenye baiskeli moja, zimepangwa mpaka zinazidi kichwa cha mtu. Baiskeli ni ile ile Phoenix lakini fremu imechomelewa nondo za ziada, keria imetengenezwa upya kwa chuma, spoku nene. Breki za kawaida pale haziwezi kitu na mzigo ule. Nilimuangalia jamaa mmoja kwa karibu anavyoshuka, anatoa mguu wa kushoto anaubana kati ya fremu na tairi la nyuma, na mguuni amevaa katambuga, ile ndala ya tairi, kwaiyo ni tairi linasugua tairi, unasikia mlio wake na unasikia harufu ya mpira unaungua, na baiskeli inashuka polepole kama inashushwa kwa kamba. Huyo mtu ameshafanya kilomita nyingi kabla mimi na wewe hatujaamka.

Nikaja kuongea naye akiwa amepumzika anakunywa chai. Nikamuuliza mbona naona wengine mnapita vichochoro vya ndani huko na barabara ya lami ipo hapa? Akanijibu, kaka mimi siangalii ufupi, naangalia wapi ntapumua. Akaanza kunihesabia, hapa kuna kisima, hapa kuna mwembe mkubwa, hapa kuna fundi, hapa mlima unaanza kwaiyo nashuka nasukuma, hapa usipite baada ya mvua. Ilikuwa ramani kamili iko kichwani. Mimi nilikuwa na simu yenye ramani ya dunia nzima na sikuwa na hata moja ya vitu hivyo.

Sasa nataka muone kwamba hiki alichoniambia yule bwana ndicho hicho hicho wenzetu wa nchi zingine wamekifanya, tofauti yao wao wamekiandika. Mwaka 1976 Marekani walikuwa wanaadhimisha miaka 200 ya uhuru wao, watu wakaandaa safari ya kuvuka nchi nzima kwa baiskeli, kutoka Oregon upande wa Pasifiki hadi Virginia upande wa Atlantiki, kama kilomita 6,800, na watu kama elfu nne wakashiriki. Njia ile mpaka leo ipo, inaitwa TransAmerica, watu wanaiendesha kila mwaka. Ukisikia hivo unadhani wamejenga barabara ya baiskeli ya kilomita 6,800. Hawakujenga. Walikaa na ramani wakatafuta barabara ndogo ndogo za vijijini ambazo gari ni chache, wakaziunganisha moja baada ya nyingine, wakaandika maji yako wapi, duka liko wapi, pa kulala wapi, mlima uko wapi, wakachapa vitabu vidogo vya kuweka mfukoni. Kazi ilikuwa kuchagua, kuandika na kuwagawia watu.

Ulaya hivo hivo, wana mtandao unaitwa EuroVelo, njia ndefu 17 zinazokatiza nchi na nchi. Moja yao, namba 6, inatoka bahari ya Atlantiki kule Ufaransa hadi Bahari Nyeusi, na sehemu kubwa inafuata mito, Loire na baadae Danube, na sababu ya kufuata mto ni rahisi, mto haupandi mlima. Mtu wa kawaida kabisa, mzee, mtoto wa miaka kumi, anaweza kuendesha wiki nzima kando ya mto kwasababu njia imechaguliwa kwa kumfikiria yeye.

Wapo pia wa mbio ndefu, Ufaransa wana Paris–Brest–Paris, imeanza 1891, kilomita 1,200 ndani ya masaa 90, wanalala kidogo sana. Nawaheshimu lakini leo siongelei huko.

Na wale wanaoniuliza baiskeli gani, naomba mumfikirie Thomas Stevens. Alitoka San Francisco mwaka 1884 na ile baiskeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, haina gia, haina cheni, tairi lake la mpira mgumu usiojazwa upepo. Akavuka Marekani, Ulaya, akapita Asia, kuna sehemu akapanda meli, akamalizia Yokohama Japani Desemba 1886. Kama ile ilizunguka dunia basi Phoenix ya mzee kule Mkuranga inafika Tanga. Inafika.

Lakini kuna kitu kinaniuma na nitakisema wazi. Tangu 2003 kuna msafara unaitwa Tour d'Afrique, unatoka Cairo hadi Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000, miezi kama minne, na wanapita hapa hapa Tanzania. Wageni wanaijua barabara yetu, wameandika kila kituo, kila kilima, wanajua Iringa iko juu kiasi gani na Mbeya kuna baridi mwezi gani. Sisi wenye nchi tukitaka kwenda Kilosa kwa baiskeli inabidi tuulize kwa dereva wa basi. Simlaumu mgeni, amefanya kazi yake vizuri. Nasema na sisi tufanye yetu. Na tumeshaanza, wapo wenzetu wa Twende Butiama wanaotoka Dar kwa baiskeli mpaka Butiama kumuenzi Mwalimu, wale wakikuhadithia barabara ya kati wanakuhadithia kama mtu anayehadithia nyumba yake, hapa mlango, hapa dirisha. Tuwasikilize na tuandike.

Haya, tuje kwenye njia zenyewe. Ntaanza na ya Bagamoyo kwasababu ndio ya kuanzia mtu yeyote aliyeko humu ndani.

Mwenge mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 60 hivi. Tegeta, Boko, Bunju, unavuka mto Mpiji unaingia mkoa wa Pwani, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, umefika. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida tu wa mtu mwenye mzigo kidogo, ni masaa manne na kupumzika weka matano. Sehemu mbaya ni hapa mjini, Mwenge mpaka Bunju, daladala zinakata kushoto bila taarifa, bodaboda zinakuja kinyume, kwaiyo dawa yake ni muda, uwe umetoka saa kumi na moja alfajiri, taa mbele na nyuma, ukifika Bunju jua ndio linachomoza na shida imebaki nyuma yako. Baada ya Mapinga hewa inabadilika yenyewe, minazi, mikorosho, wauza madafu pembeni. Kunywa dafu. Simaanishi kama starehe, dafu lina baadhi ya chumvi chumvi ambazo jasho limekutoa na kwa hali ya hewa ya kwetu hapa mtu anayekanyaga pedeli anahitaji karibu lita moja kila saa, na maji matupu peke yake kwa masaa mengi yanakulegeza, unasikia kichwa kinauma na unadhani ni jua kumbe chumvi imeisha mwilini. Kama dafu hakuna, weka sukari na chumvi kidogo kwenye chupa yako.

Zinga kuna fundi chini ya mti, simtaji jina maana sijamuomba ruhusa. Nilimkuta siku nimekatika spoku mbili za nyuma na rimu inacheza kama nyoka, inagusa breki kila mzunguko. Hakuwa na mashine ya kunyooshea rimu. Aligeuza baiskeli miguu juu, akachukua kijiti cha mwarobaini akakifunga kwenye fremu kwa kipande cha tyubu ili ncha yake ikae karibu na rimu bila kuigusa, akazungusha tairi, pale ncha inapogusa anakaza spoku ya upande wa pili robo mzunguko, anazungusha tena, robo tena, anasikiliza. Alikuwa anasikiliza kweli, anapiga spoku kwa kucha kama anapiga gitaa, iliyolegea inatoa sauti nzito. Dakika kama arobaini rimu ikanyooka, na mpaka leo sijawahi kuigusa tena. Kwenye ramani ninayoitaka mimi, yule fundi awemo. Awe na alama yake kama vile hospitali inavyokuwa na alama.

Na hapo hapo nijibu swali la baiskeli maana linahusiana. Chagua baiskeli ambayo fundi wa Zinga anaweza kuitengeneza. Tairi namba 26 utapata tyubu mpaka kijijini, 28 ya Phoenix utapata mpaka dukani kwa mangi porini. Zile nyembamba za baiskeli za mbio ukipasuka Kiwangwa inabidi mtu apande gari kuja Dar kukununulia. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, spana ndogo, spoku nne umezifunga kwenye fremu kwa utepe, na kanga. Kanga beba hata kama wewe ni mwanaume, ni taulo, ni shuka, ni kivuli, na mimi nimewaeleza ilivyonifunga mkono Vigwaza.

Ukifika Bagamoyo lala, usirudi siku hiyo hiyo. Kesho yake una uchaguzi. Ukitaka Morogoro sasa usirudi kwenye barabara kuu ya Mlandizi, endelea na lami ya Bagamoyo Msata, kama kilomita 64, unavuka Ruvu chini huku, unapita Kiwangwa kwenye mananasi, msimu ukiwa wenyewe wanakumenyea hapo hapo barabarani na utamu wake ni mwingine kabisa, unatokea Msata alafu unashuka Chalinze. Ukilinganisha na kwenda moja kwa moja unaongeza karibu kilomita hamsini, nusu siku nzima, na najua kuna mtu ataniambia mbona mbali. Mimi kilomita hamsini za ziada nazilipa bila kinyongo, nimeshaonja zile fupi. Chalinze kwenda Morogoro hapo hamna ujanja ni barabara kuu, kwaiyo ni alfajiri na ni Jumapili, na gari kubwa likija nyuma huku kuna jingine mbele unashuka pembeni unasimama, unasubiri, unaendelea. Usione aibu kusimama.

Mbele ya Morogoro, wale wa Iringa na Mbeya, pale Mikumi barabara inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita hamsini, kuna tembo, kuna simba, kuna nyati. Pakia baiskeli juu ya gari uvuke nalo, ushuke upande wa pili. Alafu unakutana na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, na baada ya hapo mlima Kitonga, na Kitonga ni hadithi ya siku nyingine.

Kusini nitapita haraka, Mbagala kutoka ni kazi, wengi wetu tunavuka kwa pantoni Kigamboni tukizunguka Kibada huko tunatokea mbele. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji karibu kilomita moja nzima la mwaka 2003, Nangurukuru, Kilwa. Vijiji viko mbali mbali kwaiyo maji yanabebwa mengi. Ukivuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani ukaona ule msikiti mkuu wa kale, na barabara yote umeikanyaga kwa miguu yako mwenyewe, dada mmoja tuliyekuwa nae alikaa chini akalia, na hatukumuuliza kitu.

Sasa kuna jambo ambalo ramani ya simu haitakwambia na babu zetu wa pwani walilijua kabla ya wote, upepo. Majahazi yalikuwa yanakuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Kusi inavuma kutoka kusini, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa, na kaskazi inavuma kutoka kaskazini, Desemba mpaka Machi. Mtu wa baiskeli ni tanga, mwili wako na mizigo yako ndio tanga lenyewe. Kwenye safari ya kando ya bahari, ukienda Bagamoyo na Pangani na Tanga mwezi wa saba kusi iko mgongoni inakusukuma, unajiona una nguvu za ajabu, rudi sasa kwa njia hiyo hiyo uone, kilomita 15 kwa saa zinakuwa nane. Kwaiyo mwezi wa saba nenda Tanga kwa baiskeli urudi kwa basi, baiskeli buti la chini. Na mwezi wa pili nenda Kilwa, kaskazi ikupeleke. Masika yenyewe Machi mpaka Mei pumzika tu, barabara za vumbi zinakuwa uji. Hii hesabu ya kwenda na upepo na kurudi kwa gari imewabadilishia safari watu wengi niliowaambia, kuliko gia yoyote.

Naja kwenye kile hasa kilichonileta hapa, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Bagamoyo tunapoenda kula pweza ndipo ilipoishia barabara moja ndefu sana ya zamani ya nchi hii, njia ya misafara kutoka Ujiji, Ziwa Tanganyika, kama kilomita 1,200. Ujiji, Tabora, Ugogo, Mpwapwa, Morogoro, Bagamoyo. Wapagazi walitembea njia ile na meno ya tembo mabegani, na wengine wengi waliipita wakiwa wamefungwa minyororo, hilo hatulisahau na tukipita tunapita kwa heshima. Chuma na Susi, wasaidizi wa yule mmisionari Livingstone, na wenzao waliubeba mwili wake kutoka kule alikofia, Zambia ya leo, miezi na miezi kwa miguu, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Reli ya kati ilipojengwa na Wajerumani mpaka ikafika Kigoma 1914 kwa sehemu kubwa ilifuata uelekeo ule ule, kwasababu wapagazi walishamaliza kazi ya kuchagua, walishajua maji yako wapi na milima inazungukwa wapi. Na tangu 2006 njia hiyo iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia kule UNESCO.

Mnaona ninapoelekea. Wamarekani walikaa na ramani wakatafuta njia. Sisi tunayo, imechaguliwa na miguu ya watu kwa vizazi, inakatiza nchi nzima kutoka bahari mpaka ziwa, ina jina, ina historia, ina reli pembeni yake ambayo mtu akichoka ana pa kukimbilia, ina vijiji vyenye watu ambao ukifika jioni na baiskeli wanakuletea maji ya kuoga kabla hawajakuuliza umetoka wapi. Kinachokosekana ni daftari. Nani amewahi kuandika kwamba kutoka Kilosa kwenda Mpwapwa kwa barabara za ndani kisima kiko wapi? Gesti ya Gulwe ipo au haipo? Fundi wa mwisho kabla ya mbuga ni nani? Mwezi gani korongo lipi halipitiki? Haya mambo yanajulikana, kuna watu wa mkaa na watu wa vitumbua na watu wa samaki wanayajua yote, kila mmoja anajua kilomita zake ishirini. Kazi yetu ni kwenda kuwauliza mmoja mmoja na kuziunga.

Na sitaki tusubiri mtu aje atujengee. Njia ya baiskeli pembeni ya mwendokasi tunayo, kuanzia Kimara mpaka Kivukoni, ni kitu kizuri nilifurahi sana ilipokuja na nitaendelea kudai iachwe wazi kwa ajili ya baiskeli, lakini kilomita 1,200 hatutojengewa kesho na hatuzihitaji zijengwe. Tunahitaji ziandikwe.

Mdogo wangu mmoja hapo mbele aliniuliza, sasa mtu asiye na likizo ya mwezi atafanyaje. Vipande. Hakuna sheria inayosema uvuke nchi kwa mara moja. Mwezi huu Dar Bagamoyo. Sikukuu inayofuata Bagamoyo Msata. Mwakani unapanda treni unashuka pale ulipoishia mara ya mwisho, unaanzia hapo, na kabla hujakata tiketi unauliza stesheni utaratibu wa mzigo wa baiskeli. Nina rafiki amechukua miaka minne yuko Dodoma sasa, kila mwaka siku tano, na anaijua ile njia kuliko mtu aliyeipita kwa wiki mbili.

Na dada zangu, mliniuliza kuhusu usalama wa kulala. Ushauri niliopewa na wanawake waliotangulia ni huu, ingia kijijini kabla ya saa kumi jioni, nenda moja kwa moja ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, jina lako liandikwe kwenye kitabu cha wageni, ukishaandikwa umekuwa mgeni wa kijiji na sio mgeni wa mtu mmoja. Hata mimi nafanya hivo siku hizi. Na mara nyingi mke wa mwenyekiti ndio anakwambia mambo ya njia kwa usahihi kuliko wote, kwasababu yeye ndio anachota maji.

Nimalizie na mpangilio. Jumamosi ijayo tunakutana Mwenge saa kumi na nusu alfajiri, saa kumi na moja kamili tunaondoka, tunaenda Bagamoyo tunalala. Mwendo ni wa yule wa mwisho, hakuna anayeachwa. Watu thelathini wa kwanza nitawapa kila mmoja kilomita mbili zake, namaanisha kilomita mbili za barabara ambazo ni jukumu lako, utashuka, utauliza, utaandika maji, kivuli, fundi, chakula, mashimo, na sehemu ambayo bega la barabara limeisha. Kalamu na daftari ya kurasa 48, simu iwe ya picha tu maana chaji inaisha. Anayejua kuchora vizuri aniambie baada ya hapa. Mimi nimeshachukua Zinga, nataka nimuombe fundi ruhusa ya jina lake.